Kasha Lenye Muhuri

Maua ya mkurugenzi yalipewa viti. Hilo lisemwe mapema kabla ya mengine yote, maana liliwakera hata wale waliokwisha kuzoea kukerwa. Vyungu vilipandishwa basini kimoja kimoja, vikawekwa kwenye viti vya mbele karibu na madirisha, vikafungwa kamba visije vikaanguka kwenye kona. Wafanyakazi wa kiwanda cha pampu za maji, pamoja na wake, waume na wazazi wao, waliambiwa wabanane nyuma. Mfagizi mmoja aliyekuwa na mimba kubwa alikalia mfuko wake wa nguo mlangoni, na hakuna aliyefungua mdomo. Kiwanda kilikuwa kinahamia upande mwingine kabisa wa nchi, na tangazo lilikuwa fupi: asiyehama atahesabika amejiachisha kazi mwenyewe, na aliyejiachisha kazi mwenyewe hana kiinua mgongo.

Miongoni mwa waliobanana nyuma alikuwemo fundi seremala ambaye kiwanda kizima kilimwita Makasha. Kazi yake ilikuwa kuunda makasha ya mbao ya kufungia pampu kabla hazijasafirishwa. Alikuwa mtu mpole, mpole kupita kiasi, wa kusema samahani hata akikanyagwa yeye. Mkewe aliyekuwa mpishi wa kantini ya kiwanda hakuwa mpole hata kidogo, na kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa amekasirika kwa niaba ya watu wawili.

Wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa mama yake Makasha, bibi mwembamba ambaye mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mwanga wa kutambua dirisha na mlango, basi. Wa nne alikuwa paka. Alikuwa dume la kijivu, zito, na waliliita Karani kwa sababu halikuweza kuona karatasi bila kuikalia. Lililala miguuni pa bibi usiku na kumtangulia kwenda msalani asubuhi, kengele yake ndogo ikilia shingoni, naye bibi akiifuata kengele hiyo bila kugusa ukuta.

Siku tangazo lilipobandikwa, bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia mwanawe, "Mimi nyumba ngeni siijui. Kuta zake sizijui. Karani akienda, naenda. Karani akibaki, mniache naye hapa hapa."

"Ataenda, mama," Makasha alisema. "Nakuahidi."

Na kweli alikwenda kuomba. Msimamizi wa safari alikuwa bwana mmoja waliyempa jina la Ratiba, kwa jinsi alivyokuwa hazungumzi na mtu bila kutazama saa. Makasha alisimama mlangoni kwake na kofia mkononi, akaacha achekwe kwanza, maana alijua kuchekwa ni sehemu ya kuomba. Mwishowe Bwana Ratiba akakubali. "Ndani ya kasha, chini ya kiti. Na nisimsikie."

*

Kasha alilolitengeneza lilikuwa zuri kuliko mengi aliyowahi kuyatengenezea pampu. Alitumia vipande vya mbao vilivyorundikwa nyuma ya karakana vikingoja kuchomwa. Alitoboa matundu pande zote, akapiga msasa ndani ili mbao zisimchome Karani, akatandika shuka kuukuu ya bibi yenye harufu aliyoizoea. Mfuniko aliukaza kwa misumari mifupi, ya kung'oka upesi.

Halafu mkono ukamponza. Kwa miaka mingi hakuna kasha lililowahi kutoka mezani kwake bila kupigwa muhuri: kibati kilichokatwa alama ya kiwanda na mshale wa kuonyesha juu, brashi, rangi nyeusi, basi. Mkono ulikuwa umezoea, hauulizi tena. Makasha alikuwa akiwaza namna ya kumteremsha mama yake ngazi za nyumba, na mkono ukapiga muhuri ubavuni mwa kasha la paka. Hata rangi kwenye vidole aliifuta bila kujua anafuta nini.

Asubuhi ya kuondoka vyombo vyao vilikuwa vimekwisha kutangulia, kitanda, jiko, viti na vyote. Walibaki na mifuko ya nguo, begi la zana za Makasha, na kasha lenye Karani, ambalo waliliweka barazani wakarudi ndani kumchukua bibi. Bibi alitaka kuaga vyumba. Alipita akivigusa kimoja kimoja, nao wakamwacha, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemharakisha.

Walipotokea barazani, mifuko ilikuwepo na begi lilikuwepo. Kasha halikuwepo.

"Liko wapi?" mkewe aliuliza.

Jirani yao fundi umeme, aliyekuwa akifunga mlango wake, ndiye aliyejibu. "Wapakiaji wamelichukua. Wale vibarua. Nikawaambia hilo la Makasha, wakasema lina muhuri."

Makasha alitazama vidole vyake. Kwenye kucha kulikuwa bado na rangi nyeusi. Kisha akakumbuka jambo lililomfanya ajione mjinga zaidi: vibarua wale aliwafundisha yeye mwenyewe. Msiulize, aliwaambia, msifungue, tazameni muhuri tu. Mzigo wenye muhuri ndani ya lori, usio na muhuri mwacheni mwenyewe ahangaike nao.

"Kaa na mama," alimwambia mkewe kwa sauti ndogo.

"Sikai na mtu. Twende wote."

Wakamkalisha bibi barazani kwa jirani, wakamwambia wanakwenda kumtafutia nafasi nzuri.

*

Lori lilikuwa limekwisha fungwa. Kwenye komeo la milango ilining'inia lakiri, kile kiwaya chenye kidonge cha risasi ambacho kikikatwa hakiungiki. Bwana Ratiba alikuwa akikigusagusa, ameridhika. Kilichomridhisha si siri: aliahidiwa cheo endapo malori yatafika lakiri zikiwa nzima, na mkurugenzi angekuwa kule langoni akizikagua kwa macho yake. Alikuwa mtu mwenye hofu, Bwana Ratiba. Lakini watu wengi wana hofu, na si wote wanaoigeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wengine.

"Samahani, bwana mkubwa," Makasha alianza, na mkewe akafumba macho, maana alijua hiyo samahani inaelekea wapi. "Kuna kasha langu limeingizwa humu kwa bahati mbaya. Lina paka."

"Lina nini?"

"Paka. Yule uliyeniruhusu."

"Nilikuruhusu chini ya kiti. Ndani ya shehena sikukuruhusu." Alitazama saa. "Hao vibarua wanajua kazi yao. Lilikuwa na muhuri?"

"Lilikuwa nao."

"Nani aliupiga?"

"Mimi."

Watu walikuwa wameanza kusogea, kama wanavyosogea popote penye mtu anayedhalilishwa. Bwana Ratiba aliwaona, sauti yake ikapanda kidogo ili wote wapate. "Basi tumemaliza. Kasha lenye muhuri wa kiwanda ni mali ya kiwanda. Au unataka kuniambia, mbele ya watu hawa, kwamba ulichukua mbao za kiwanda, misumari ya kiwanda na rangi ya kiwanda, ukamjengea paka nyumba?"

Wachache walicheka. Huo ndio ubaya wenyewe, kwamba walicheka, na kila mmoja wao alikuwa na rafu au stuli nyumbani iliyotokana na vipande hivyo hivyo vya kuchomwa.

"Banda lako la kuku," alisema mkewe Makasha, "limetengenezwa na mbao zipi?"

"Mama, sijazungumza na wewe."

"Najua. Mimi ndiye nazungumza na wewe. Banda lako la kuku alikujengea huyu huyu, Jumapili, bure, na mbao hizo hizo. Fungua hilo lori. Ni kiumbe kile, kina roho. Jua likipanda humo ndani patakuwa tanuri."

"Lakiri haifunguliwi mpaka kule. Ni mambo ya bima, nyinyi hamyajui." Akamgeukia Makasha kwa ile sauti ya mwanamume kwa mwanamume, inayotumika kumpuuza mwanamke aliyesimama pale pale. "Mwambie mkeo apande basi. Kama hamtaki kwenda, semeni sasa. Sitamlazimisha mtu."

Makasha alimshika mkewe mkono. "Twende, mke wangu. Tutaachwa."

Mkewe alimtazama, na mtazamo huo Makasha aliukumbuka mwendo wote wa barabara. Kisha akauvuta mkono wake na kutangulia.

*

"Yupo?" bibi aliuliza walipomketisha kwenye kiti cha nyuma kabisa, juu ya gurudumu.

Makasha alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, mfupi. "Yupo, mama," alisema. "Chini ya kiti."

"Mbona kimya? Na kengele siisikii."

"Nimemfunga vizuri asihangaike."

Bibi alitikisa kichwa, akatandaza sketi yake magotini. Basi liliondoka nyuma ya lori. Jua likapanda kama jua la siku yoyote, halijui wala halijali. Kupitia kioo cha mbele, juu ya vichwa vya watu na majani ya mkurugenzi, Makasha aliweza kuiona milango ya lori na ile lakiri ikichezacheza.

Kila baada ya muda bibi aliinama na kuzungumza na sakafu. "Vumilia, Karani. Na mimi miguu imekufa ganzi, sisemi." Au, "Umelala? Lala." Watu wa viti vya jirani waliosikia yaliyotokea asubuhi waligeuza nyuso dirishani. Fundi umeme alijifanya amelala, na akafumba macho kwa nguvu mno kwa mtu aliyelala.

"Umemdanganya mama yako," mkewe Makasha alinong'ona.

"Nitamwambia tukifika."

"Utamwambia nini? Kwamba paka wake ameiva?"

"Unataka nifanye nini? Unataka tufukuzwe? Kitanda kimeshatangulia. Nyumba tumerudisha funguo."

"Mimi sikuuliza kitanda kiko wapi." Alisogeza mdomo karibu na sikio lake. "Umri wote huu wa kuomba samahani, mume wangu. Nilidhani unawaomba ili siku moja, ukiwa na shida ya kweli, wakusikilize. Leo umekuwa na shida ya kweli. Wamekusikiliza?"

Makasha aliinama, akaanza kukwangua ile rangi nyeusi kwenye kucha.

*

Walisimama kwenye kituo cha mafuta, jua likiwa utosini. Watu waliteremka kunyoosha miguu. Palikuwa na duka dogo lililouza maji kwa bei ya kuwakomoa wasafiri, na walionunua walinunua chupa moja kwa watu wanne. Bwana Ratiba alimwamuru utingo wa basi achote maji ya bomba ndoo nzima na kumwagilia vyungu, tena taratibu, udongo usiruke. Kisha akaenda kula mkahawani.

Dereva wa lori, mzee mmoja waliyemwita Gia, alimfuata Makasha kando ya pampu ya mafuta. "Fundi, mle ndani kuna kitu gani? Tangu tunatoka kilikuwa kinalia. Nikadhani ni mkanda wa injini."

"Ni paka."

"Paka wa nani?"

"Wa mama yangu."

Mzee Gia alivua kofia, akajipangusa shingo. "Tangu ule mlima sijamsikia tena," alisema.

Makasha alirudi basini. Hakuwa bado amekata shauri, tusimpambe. Alikuwa anamfuata mkewe ili amwambie, na pengine alilie mikononi mwake kidogo, halafu safari iendelee. Basini alimkuta mama yake peke yake. Mkewe alikuwa amemnunulia chupa yake ya maji, na bibi alikuwa ameishika kwa mikono miwili, akiimimina kwenye kifuniko cha kopo la chakula alichokiweka sakafuni, chini ya kiti. Hakunywa hata funda moja. Kifuniko kilikuwa kimejaa zamani, naye aliendelea kumimina.

"Kunywa, Karani," alikuwa akisema. "Huko mbele nasikia wanamwagilia hata majani. Kunywa na wewe."

Maji yalifurika, yakashika mifereji ya bati la sakafu, yakatambaa chini ya viti mpaka mlangoni alipokuwa amesimama Makasha. Yaligonga ncha ya kiatu chake, yakagawanyika, yakaendelea na njia.

Aliinama, akavuta begi lake la zana.

Koleo iliikata lakiri mara moja. Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kuliko alivyokihofia. Milango ilipofunguka joto lilimpiga usoni na harufu ya rangi na grisi. Makasha yake yote yalikuwa mle, yamepangwa alivyofundisha, yamebana hata kidole hakipiti. Lile dogo lilikuwa ndani kabisa, nyuma ya kasha la pampu kubwa, na pampu kubwa hubebwa kwa winchi. Hakukuwa na njia ila kupita katikati yake.

"Makasha, utatuponza," fundi umeme alisema kutoka chini.

Makasha alipachika nyundo chini ya ubao wa kwanza na kuung'oa. Ubao ulilia. Kazi yake mwenyewe ilimkatalia msumari kwa msumari, maana aliifunga ili isifunguke, naye aliivunja huku akitoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Haikuwa samahani. Alipofika ubao wa nne, fundi umeme alipanda lorini, akashika upande wa pili, akavuta.

Karani alitolewa akiwa amelegea. Mdomo ulikuwa wazi, ulimi nje, manyoya ya kifuani yamelowa udenda. Kucha mbili za mbele zilikuwa zimevunjika kwa kukwaruza mbao. Mkewe Makasha alimtazama, akageuka, akapanda basini, akashuka na ndoo ya maua iliyokuwa na maji nusu. Utingo alitaka kusema jambo, akamwona usoni, akaacha. Mkewe Makasha akampaka paka maji masikioni, tumboni, miguuni, na kumdondoshea mdomoni kwa kidole. Kwa muda mrefu hakukuwa na chochote. Kisha mbavu zikapanda, zikashuka, zikapanda tena.

*

Bwana Ratiba alitoka mkahawani na kijiti cha meno mdomoni. Aliiona milango iliyofunguka, akaiona pampu kubwa imevuliwa nusu, na rangi ikamtoka usoni.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Makasha alisema. Alikuwa bado ameshika nyundo.

"Unajua umefanya nini? Unajua nitamwambia nini mkurugenzi?" Sauti ilimpasuka. "Kwa ajili ya paka?"

"Kwa ajili ya mama yangu."

Bwana Ratiba alitazama saa, akatazama pampu. Ikienda hivi ingejipigapiga njia nzima. Akashusha pumzi, akajaribu kuwa mtu. "Sikiliza. Rudishia hizo mbao. Kaza vizuri, tuondoke. Hayo mengine tutayazungumza huko huko."

Hapa Makasha wa asubuhi angekwisha kupanda lorini. Watu wote walikuwa wanamtazama, wakiwemo wale waliocheka, na wengi wao, tuseme kweli, walitamani apande ili siku iendelee na wasilazimike kufikiri. Makasha aliitazama nyundo yake. Akaifuta kwa suruali, akairudisha kwenye begi, akavuta zipu.

"Hilo kasha lina muhuri wa kiwanda," alisema. "Ni mali ya kiwanda. Kiwanda kilifunge."

"Umejiachisha kazi."

"Sawa."

"Na basi hupandi."

"Nimesikia."

Bwana Ratiba aligeuka kuwatafuta wengine. "Wewe, fundi umeme. Panda ufunge."

"Mimi ni wa nyaya, bwana," fundi umeme alisema, huku anatazama viatu vyake. Huo ndio ujasiri aliokuwa nao, akautoa wote. Mwishowe walizungusha kamba kwenye pampu, fundo juu ya fundo, kazi ya ovyo ambayo mtoto angeionea aibu. Kisha Bwana Ratiba mwenyewe akajaribu kuiunganisha lakiri kwa waya wa uzio.

Mkewe Makasha alimteremsha mama mkwe wake basini. Yule mfagizi mjamzito aliwapisha mlangoni, akawapa chupa yake ya maji bila neno, kisha akaenda kukaa kwenye kiti kilichoachwa wazi. Msafara uliondoka. Mzee Gia alipiga honi mara moja, na vumbi likafunika barabara mpaka majani ya mkurugenzi yasionekane tena.

*

Walikaa kivulini nyuma ya duka, bibi juu ya kasha tupu, Karani mapajani mwake. Kitanda chao kilikuwa njiani kwenda kwenye nyumba ambayo haitakuwa yao. Mkewe Makasha alikuwa ameshazungumza na mwenye mkahawa kama anahitaji mpishi, akajibiwa kwamba labda, arudi jioni. Alirudi akakaa karibu na mumewe, karibu kuliko alivyokaa siku nyingi, akamtoa kibanzi cha ubao kwenye kiganja kwa kucha zake.

Paka alifumbua jicho. Bibi alipomgusa sikio, alimparura mkono, damu ikatoka kidogo, na bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika.

Makasha alichuchumaa mbele yake. "Mama. Asubuhi nilikudanganya. Hakuwa chini ya kiti."

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Naambiwa na nani? Huyu nalala naye miguuni. Utanikalisha juu ya sakafu tupu nisijue?"

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu ulipofungua mdomo." Bibi alimfungua Karani kengele shingoni, akaifuta matope, akaifunga tena taratibu kwa kupapasa. "Nilikungoja. Nikasema, atasema sasa. Nikasema, basi atasema tukisimama."

Makasha alikaa chini kabisa, mgongo ukutani. "Sasa yale maji, mama? Chupa nzima, na kiu yote ile. Ulimwekea nani?"

Bibi aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya mwanawe, macho yake meupe yakimpita kidogo.

"Niliyamwaga uyaone wewe," alisema.